Namba Isiyokufa kwa Kukatwa Kichwa

Lori la kumi na nane lililala ubavu mtaroni, magurudumu yakiendelea kuzunguka hewani kana kwamba hayajapata taarifa.

Shangazi hakushangilia.

Lori la kwanza alishangilia. La pili alipiga makofi. La tatu alitabasamu. Kuanzia la nne alianza kutazama saa.

Alishusha kioo cha Land Cruiser akawatazama vijana wa kikosi cha kumi na nane wakimvuta dereva nje ya kabini ya Scania. Dereva alikuwa mzima. Alikuwa anacheka. Mtu aliyekamatwa na shehena ya mabomu ya kutega ardhini hana sababu ya kucheka, isipokuwa anajua jambo ambalo wewe hulijui.

Redio ya Motorola ilikohoa.

"Sufuria anaita Mwiko. Toa hali."

"Lori la kumi na nane limenaswa. Mzigo ni uleule."

"Safi kabisa! Tumewakata kichwa."

"Wameota kingine, Sufuria. Wamechepuka njia ya vumbi na wanaendelea."

"Wamebaki wangapi?"

"Sita."

"Na sisi?"

Shangazi aliangalia nyuma. Vijana wa kikosi cha kumi na nane walikuwa wanazungushia lori utepe mwekundu. Hawangeweza kuondoka. Mzigo wa aina ile hauachwi barabarani peke yake, watoto wakaja kuuchezea.

"Sisi gari moja," alisema. "Mimi na Fundi."

Sufuria ndilo jina la siri la makao makuu, na Mwiko ni la Shangazi. Majina hayo yalichaguliwa na kamati. Kamati ilipewa chai na vitafunio, na matokeo yake ndiyo hayo.

Hesabu ya siku hiyo ilikuwa rahisi na ilikuwa mbaya. Alfajiri walitoka na vikosi kumi na nane, pamoja na gari la Shangazi. Kila lori lililonaswa lilihitaji kikosi kimoja kulilinda. Malori kumi na nane, vikosi kumi na nane. Kila ushindi uliwapunguza. Wangeshinda mara moja zaidi, wangekuwa wanatembea kwa miguu.

Mbele kulikuwa na kilomita thelathini za tambarare, kisha daraja. Ng'ambo ya daraja ni nchi nyingine, na wakubwa wengine ambao simu zao hazipokelewi.

Na katika lori la mwisho la msafara alikaa mdogo wake Shangazi, wa tumbo moja.

Akivuka, hatamwona tena. Asipovuka, atamfunga pingu kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi alikuwa amegeuza jambo hilo kila upande tangu alfajiri, na kila upande lilikuwa na miiba.

"Endesha," alimwambia Fundi.

Fundi aliendesha. Alikuwa mtaalamu wa mitambo wa Idara, mwanamume mnene mwenye mgongo mbovu, aliyeamini kwamba dunia nzima, pamoja na viti vya Toyota, ilitengenezwa ili kumuumiza. Kompyuta yake ilikuwa wazi juu ya mapaja ya Shangazi, kati ya darubini na ule mkoba mweusi mkubwa ambao Idara nzima iliuogopa. Ndani ya mkoba kulikuwa na bastola ya Glock, simu ya setilaiti ya Thuraya, tishu, na dawa ya kuchua mgongo wa Fundi. Mwanamke mwenyewe alivaa viatu vya kisigino kifupi na alikuwa na jicho la mwalimu wa zamu aliyekuta bweni zima macho. Wahalifu sugu walipolitazama walianza kuchomekea mashati.

"Nieleze tena," alisema. "Polepole. Kama unamweleza Mkubwa."

"Polepole kiasi hicho petroli itaisha," Fundi alisema. Lakini alieleza.

Kila lori lilikuwa na tarakimu moja iliyopakwa rangi nyeupe kwenye boneti, na kisanduku cha chuma chini ya dashibodi. Kisanduku kilitangaza tarakimu ya lori lake kwa sauti ya siri ambayo hakuna aliyeweza kuiiga. Kilisikiliza tarakimu za wengine, kikazipanga kuanzia lori la mbele hadi la nyuma, zikawa namba moja ndefu. Kila dakika kilijiuliza swali moja: je, kuna kitu kinachoigawanya namba hii, mbali na moja na yenyewe?

Kama hakuna, safari inaendelea.

Kama kipo, injini inazima. Breki zinauma. Milango ya kabini inajifunga, vioo ni vya kuzuia risasi, na ufunguo wa kufungulia uko ng'ambo ya daraja mfukoni mwa mtu mwingine.

"Mtego wa nini, kujifungia mwenyewe?" Shangazi aliuliza.

"Wa madereva. Glavu haiogopi serikali. Serikali anaijua. Anawaogopa madereva wake." Glavu ndiye bosi wa walanguzi wale, mtu aliyevaa glavu nyeupe hata kwenye joto, kwa maelezo kwamba ngozi yake ni laini. "Dereva wa katikati akichomoka na mzigo akauuze mwenyewe, tarakimu yake inapotea, namba mara nyingi inagawanyika, na wote wanakwama hapo hapo. Mwizi akiwa wa kwanza."

"Na sisi tukimkamata wa mbele?"

Fundi alipumua kama mtu anayefika kwenye jino bovu.

"Hapo ndipo ujanja ulipo. Soma."

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na namba ya msafara, kama ndege isiyo na rubani ilivyoipiga picha alfajiri kwenye maboneti:

357686312646216567629137

Ukitaka kuisoma kwa maneno, beba maji ya kunywa.

"Haigawanyiki," Fundi alisema. "Ni namba tasa. Tulipokamata lori la kwanza, lenye tatu, ikabaki inayoanzia tano. Nayo tasa. Tukakamata tano. Inayoanzia saba, tasa. Tumekata vichwa kumi na nane, Shangazi, na kila kinachobaki ni tasa vilevile. Zimebaki sita." Alipiga kioo kwa ukucha. "629137. Nimeijaribu. Tasa. Na tukimkata huyo wa sita, itabaki 29137. Tasa. Mtu aliitafuta namba hii makusudi. Ni kama mjusi wa kinyume: unamkata kichwa, kiwiliwili kinakwambia asante."

"Tuvuruge masafa."

"Visanduku vikisikia kelele tupu vinashikilia namba ya mwisho. Nilijaribu kwenye lori la sita."

"Tupige wa katikati."

"Ukisogea ubavuni au nyuma, ile rashasha juu ya lori la mwisho inakusalimia. Vijana wawili wa kikosi cha tisa walisogea."

Shangazi hakuuliza wako wapi. Alisaidia kuwapakia.

Hakuhitaji kuambiwa nani aliitafuta namba ile. Alikuwa ameisikia mezani kwake, au alikuwa ameanza kuisikia. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, mtoto aliyehesabu vigae vya sakafu badala ya kuvikanyaga. Alikua akawa mhadhiri wa chuo kikuu, akafundisha wanafunzi waliokuja kusaini mahudhurio na kuondoka kwa mlango wa nyuma. Aliwahi kutoa mhadhara wa hadhara kuhusu namba yake pendwa. Walikuja watu kumi na mmoja, wawili kati yao wakiwa wamefuata projekta.

Wa kumi na mmoja alivaa glavu nyeupe. Alibaki hadi mwisho. Akauliza swali, akajibiwa, kisha akauliza swali la pili.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali la pili.

Dada yake mwenyewe hakuwahi hata la kwanza.

"Niwekee masafa yao," Shangazi alisema.

"Ya kuzungumzia? Watatucheka."

"Wacheke."

Fundi alizungusha kitufe. Redio ilikwaruza, kisha ikatoka sauti laini kama mafuta ya nywele.

"Shangazi! Bado uko macho? Nilidhani umeenda kujinyoosha. Umri huu haufai kwa mbio."

"Nipe mdogo wangu, Glavu."

"Hata salamu hakuna?"

"Nikikukamata tutasalimiana vizuri."

Glavu alicheka. Alikuwa na haki ya kucheka, alikuwa mbele yao. "Profesa! Dada yako huyu. Mwambie akalale."

Redio ilibadilisha mikono.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Dada, nina miaka arobaini."

"Nimekuuliza umekula."

"Nimekula biskuti."

"Biskuti si chakula." Shangazi alifumba macho. "Ulijua malori yamebeba nini?"

Upepo kwenye redio.

"Sikuuliza."

"Mabomu ya kutega ardhini."

"Nimesikia madereva wakisema. Leo asubuhi."

"Basi shuka."

"Nikishuka ni jela."

"Ndiyo."

"Na nisiposhuka?"

"Watakutumia mpaka waishiwe na maswali. Kisha watakufukia."

"Kwa hiyo hakuna tumaini lolote unalonipa."

"Ningekuwa nalo ningekupa, mdogo wangu. Sina."

Daraja lilikuwa limeanza kuonekana, mstari mweusi mwembamba kwenye ukingo wa tambarare. Fundi alimtazama kwa jicho la pembeni, jicho la mtu anayesubiri amri ya kugeuza gari kurudi nyumbani. Shangazi aliitazama namba. Aliitazama kama unavyomtazama jirani uliyepishana naye ngazini miaka yote bila kumuuliza hali.

"Nieleze hii namba yako," alisema.

"Unasemaje?"

"Namba. Nieleze."

"Unataka kunichezea muda."

"Wewe umenichezea wangu tangu alfajiri. Eleza, nakusikiliza."

Sauti ilikuja yote kwa pamoja, kama kabati lililojazwa nguo kupita kiasi halafu mtu akagusa mlango.

"Ina tarakimu ishirini na nne. Hakuna sifuri, umeona? Ingekuwapo hata moja, ukikata ukafika hapo, namba inayofuata ingeanza na sifuri na mchezo umekufa. Unakata kutoka kushoto. Moja moja. Kila hatua unapata namba tasa. Ishirini na tatu, ishirini na mbili, zote, mpaka unafika 9137, tasa. Mia moja thelathini na saba, tasa. Thelathini na saba. Saba. Hakuna mahali inapovunjika, dada! Unaikata na kuikata na inabaki nzima."

"Na ukiongeza mbele?"

"Hapo sasa!" Alikuwa anapiga kelele kama mtoto. "Hapo ndipo watu hawafiki! Weka moja mbele yake. Inagawanyika. Weka mbili. Weka tisa. Hakuna tarakimu inayokubali. Ndiyo kubwa kuliko zote za aina yake. Hakuna aliyeiongeza kwa sababu haiongezeki. Ukoo wake umeishia hapo."

"Kama wetu," Shangazi alisema. Hakuwa na mtoto. Wala mdogo wake.

Mdogo wake alicheka, kicheko kifupi cha mshangao. "Sikuwahi kuifikiria hivyo."

"Na kulia?"

"Kulia kufanyaje?"

"Ukikata kutoka kulia. Kutoka nyuma."

"Kulia hakuna anayekata," alisema polepole. "Kulia nimekaa mimi. Nilimwambia bosi, kiti cha salama ni cha mwisho. Anaendesha mwenyewe, hapa pembeni yangu."

"Sikukuuliza amekaa nani. Nimekuuliza ukikata."

"Dada." Sauti ilikuwa imeshuka. "Usiniulize kulia."

"Haya, mahubiri yamekwisha," Glavu alisema kutoka pembeni, akapiga mwayo, na redio ikakatwa.

Shangazi alianza kukunja vidole juu ya mkoba wake.

"Fundi. Namba ikijumlishwa tarakimu zake, jumla ikagawanyika kwa tatu, namba nayo inagawanyika kwa tatu. Si ndivyo walivyotufundisha?"

"Ndivyo. Nilichapwa kwa ajili ya hiyo."

"Toa saba ya mwisho. Zinabaki sita, mbili, tisa, moja, tatu."

Alizijumlisha kwa vidole. Ilipofika kumi alianza upya mkono wa kwanza. Nane. Kumi na saba. Kumi na nane.

"Ishirini na moja," alisema.

Fundi alitoa Casio yake ya zamani, mashine ya kukokotolea, mfukoni mwa shati, akaibonyeza kwa kidole gumba huku usukani ukicheza. "62913 kwa tatu." Aliisogeza karibu na macho. "20971. Kamili. Hakuna baki."

Gari liliruka shimo.

Fundi alibonyeza tena, muda mrefu, akichungulia kompyuta. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Alipomaliza aliweka Casio kwenye dashibodi kana kwamba ilikuwa ya moto.

"Nimeijumlisha yote. Zile ishirini na tatu za kwanza, bila saba ya mwisho. Mia moja na tano."

"Inagawanyika kwa tatu."

"Thelathini na tano mara tatu. Tangu alfajiri, Shangazi. Malori yote yakiwa barabarani. Tungemkata wa mwisho kwanza, msafara mzima ungekufa pale pale. Mtoto wa darasa la nne angeliona."

"Mtoto wa darasa la nne hakualikwa kwenye kikao."

Motorola ilikohoa. Fundi alikuwa amesahau kufunga masafa ya Idara, na Sufuria alikuwa amesikia kila kitu.

"Mwiko, hapa Mkubwa mwenyewe. Kazi nzuri sana. Mna kombora moja la RPG."

"Tunalo."

"Lori la mwisho. Piga."

"Lina mabomu ndani, Mkubwa. Hakutabaki hata kifungo."

"Ndiyo maana ya kupiga. Ni amri."

"Nimekupata," Shangazi alisema.

Aliinamia kiti cha nyuma. Mkono wake ulilipita kombora, ukachukua bunduki ya shabaha. Dragunov. Risasi tatu.

Fundi aliona. "Alisema kombora."

"Ni uzee, Fundi. Sisikii vizuri. Ongeza mwendo."

Walitoka kwenye vumbi wakatokea barabarani, nyuma ya lori la mwisho. Saba kubwa nyeupe ilikuwa kwenye boneti, upande wa mbele, wasikoiona. Walichokiona ni rashasha, na mtu nyuma yake akigeuza mtutu bila haraka. Juu ya paa la kabini ilicheza antena nyembamba kama unywele.

Antena ikikatika, tarakimu haitangazwi. Mkia umekatika. Hakuna anayekufa.

Shangazi alitoa mwili nusu dirishani. Akapumua. Akafyatua.

Risasi ilikwenda ilikojua yenyewe.

Rashasha ilijibu. Kioo cha mbele kikawa unga. Fundi alipiga yowe, akashika bega, lakini mguu wake haukutoka kwenye mafuta.

Risasi ya pili iling'oa taa ya nyuma ya lori.

Ya tatu iligonga paa la kabini, shibiri moja kutoka kwenye antena, ikaimba ikapotea.

Basi.

Hakukuwa na nyingine. Katika hadithi nzuri risasi ya mwisho hupiga. Siku ile ilikuwa imejaa hesabu, na hesabu haijali ni ya mwisho au ya kwanza.

Daraja sasa lilikuwa na nguzo, na kibanda, na ng'ambo yake mtu mmoja amesimama kando ya gari la fedha. Mtu wa ufunguo.

Shangazi alilivuta kombora begani. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Kwenye darubini ya kulengea aliona kioo cha pembeni cha lori, na ndani ya kioo, kiwiko. Shati la mistari. Yeye ndiye aliyelinunua.

Kidole kilikaa kwenye kifyatulio. Hakikwenda mbele wala nyuma.

Aliishika redio kwa mkono wa pili.

"Mdogo wangu."

"Nakuona kwenye kioo," alijibu upesi. "Na hicho kitu begani."

"Nimeijumlisha."

"Nini?"

"Sita, mbili, tisa, moja, tatu. Nimeijumlisha."

Rashasha ilinyamaza, jamaa alikuwa anabadilisha mkanda wa risasi. Redio ilikuwa safi kabisa.

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa vidole."

"Umepata ngapi?"

"Ishirini na moja."

Alisikia pumzi ikiingia, ikakaa, ikatoka.

"Basi ni kwa tatu," mdogo wake alisema.

"Ni kwa tatu."

"Kwenye karatasi nimeiona mara nyingi mno." Alizungumza taratibu, kama anazungumza na dirisha. "Sijawahi kuiona ikitokea barabarani."

"Nyie mnaongea nini?" Glavu aliuliza.

"Hesabu, bosi," alijibu kwa adabu.

Akanyoosha mkono chini ya dashibodi, akaizima tarakimu yake.

Visanduku vilikuwa bado vinangoja dakika yao. Lori la mbele, lenye sita, liliingiza magurudumu ya mbele darajani. Mtu wa ufunguo aliinua mkono kuwapungia.

Kisha dakika ilitimia. Tarakimu tano zilijipanga. Visanduku sita vilijiuliza swali lao la kila dakika, na kwa mara ya kwanza vikapata jibu.

Breki zote ziliuma kwa pamoja. Mlio wake ulikuwa kama shule nzima imeburuta viti. Malori sita yalitetemeka, yakakaa. Milango ikajifunga, tak, tak, tak, moja baada ya nyingine, kutoka darajani kuja nyuma.

Halafu utulivu.

Na ndani ya utulivu, mlio mmoja mdogo, kama mtu amefunga mlango kwa hasira kwenye chumba cha mbali.

Shangazi alishaanza kukimbia.

Mpiga rashasha peke yake hakuwa amefungiwa. Alilitazama daraja, akamtazama mwanamke aliyekuwa anakuja na mkoba begani, akaiacha silaha yake na kukimbilia vichakani. Hakuna aliyemfuata. Hakukuwa na mtu wa kumfuata.

Kioo cha kabini kilikuwa kinene, cha kijani kidogo. Glavu alikuwa anavuta kitasa kwa mikono miwili. Glavu ya kulia haikuwa nyeupe tena. Bastola ilikuwa imeanguka miguuni pake. Mdogo wake alikuwa ameegemea mlango wa upande huu, kichwa kwenye kioo, mkono mmoja tumboni. Mwingine ulikuwa bado umeshika redio.

Shangazi alipiga kioo kwa kitako cha Glock. Hakikupata hata alama. Alifyatua kwenye kitasa. Alifyatua tena. Chuma kilikuwa kimetengenezwa na watu waliojua kazi yao.

"Dada."

Sauti ilitoka kwenye redio kiunoni, midomo ilicheza nyuma ya kioo, haikulingana sawasawa.

"Nipo. Fundi ameita watu wa kukata chuma. Wanakuja."

"Wako wapi?"

Walikuwa na kikosi cha pili. Nusu siku nyuma.

"Karibu," alisema.

"Imesimama yote?"

"Yote sita. Wa mbele ameingiza matairi mawili darajani."

"Matairi mawili." Aliipenda. "Kwa hiyo ilikuwa sahihi."

"Ilikuwa sahihi."

"Watu kumi na mmoja," alisema, na akacheka, na kicheko kikamuuma. "Dada, kuna nyingine. Inakatwa kutoka kulia, hiyo. Ni fupi, ina tarakimu nane tu, lakini ni nzuri sana. Inaanza na saba."

"Nieleze."

"Saba, tatu, tisa..." alisema. "Tatu, tisa..."

Shangazi alisubiri. Aliweka kiganja kwenye kioo, pale kichwa kilipoegemea. Kioo kilikuwa cha moto kwa jua.

"Halafu?" aliuliza. "Baada ya tisa?"

Glavu alipiga kelele kitu kuhusu mawakili. Ng'ambo ya daraja, mtu wa ufunguo alitazama msafara uliolala, akatazama saa yake, akaingia kwenye gari la fedha na kuondoka. Glavu alimwona akiondoka. Baada ya hapo hakupiga kelele tena. Alikaa mbali na alichokifanya kadiri kabini ilivyomruhusu, yaani si mbali.

Watu wa kukata chuma walifika jua likiwa limeinama. Walimtoa Glavu kwa pingu. Aliomba maji. Walimtoa mwingine kwa upole zaidi, na mmoja wao, kijana asiyejua, aliuliza amweke na wafungwa au wapi. Shangazi alivua koti lake akamfunika mwenyewe.

Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya Land Cruiser, bega limefungwa. Hakulalamika kuhusu mgongo. Alimpa redio bila kumtazama.

"Mwiko, hapa Mkubwa. Nimeambiwa msafara wote umekamatwa, na daraja halina hata mkwaruzo. Sielewi mlivyofanya bila kombora, lakini nitaelewa kesho. Pongezi. Toa hasara za sasa hivi, nifunge taarifa."

"Mmoja," Shangazi alisema.

"Mmoja. Wetu au wao?"

Shangazi aliyatazama malori sita yaliyojipanga hadi darajani. Alitoa miwani ya jua kwenye mkoba, akaifuta kwa tishu, akaivaa.

"Wangu," alisema.

Aliiweka redio juu ya boneti, ikiendelea kuita, akatundika mkoba begani na kuondoka kwa miguu katikati ya barabara, bila haraka.